Ukianza kulipa madeni kwa kasi, wa kwanza kukukatisha tamaa ni watu wako mwenyewe

Chaki na Dasta

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaolipa madeni. Anayetafuta mkopo wa haraka nyuzi zake zimejaa humu, apite kwa amani.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, halmashauri moja huku Kanda ya Kati. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, nina deni la saccos, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nao wanachukua asilimia 15 yao ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwa hiyo ikifika tarehe za mshahara, mimi nabaki na ile theluthi moja ambayo utaratibu unakataza isiguswe, na kasalio kadogo juu yake. Wenye kazi za serikali mnanielewa.

Niliamua kwamba sikopi tena, na kila kinachopatikana pembeni (tuisheni, kusimamia mitihani, mahindi ya shamba) kinaingia kwenye deni. Kujibana nimekuweza. Nimezoea kupanda daladala, nimezoea chai ya rangi. Kinachonichosha ni midomo.

Siku nilipotangaza pale ofisi ya walimu kwamba mzunguko ujao wa upatu simo, mwenzangu mmoja aliweka kikombe chini akaita wengine waliokuwa nje: "Jamani njooni mumwone mtu anayetaka kufa hadaiwi!" Walicheka mpaka kengele ya kipindi ikapigwa. Tangu siku hiyo naitwa Hazina. Hata wanafunzi wameshalisikia.

Na hoja zao ni zilezile. Deni halimfungi mtu. Maisha ni mafupi. Hata Marekani inadaiwa. Hii ya Marekani ndiyo wanaipenda kuliko zote. Mkuu, Marekani inadaiwa kwa pesa inayoichapisha yenyewe. Mimi kitu pekee ninachochapisha ni mitihani ya majaribio, tena karatasi naziomba kwa mkuu wa shule.

Nimekaa nikawachunguza hawa wasemaji, na nimegundua wengi si wabaya. Mdaiwa mwenzako akikuona unatoka anajiona anabaki peke yake, basi anakuvuta shati. Ndugu naye amezoea kwamba ukikopa na yeye anapata chochote. Shemeji yangu alinipigia kuuliza kama "dirisha la mkopo" limefunguka, maana anataka kuezeka. Nilipomwambia sikopi tena, alinyamaza kidogo akasema, "Basi sawa, umetususa." Nimemsusa na nini, wakati hata bati zenyewe hatukuwahi kukubaliana?

Lakini kuna mmoja maneno yake ni matamu kuliko wote, na huyo ndiye wa kumwogopa. Ni afisa mikopo. Yeye hakucheki wala hakusemi. Anakupigia kwa heshima: "Mwalimu, nimeangalia hapa umelipa vizuri sana, una sifa ya kuongeza. Makato yako hayabadiliki, yanabaki palepale, na unapata hela mkononi."

Hapa naomba tukae kidogo, chukueni kalamu.

Tuseme mtu amekopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, riba ya salio linalopungua, miezi 72. Makato yake yanakuja kama 222,460 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, katika hiyo hela, riba peke yake ni kama 141,670. Kinachopunguza deni ni elfu themanini na kitu tu. Endelea hivyo miaka miwili kamili. Utakuwa umelipa zaidi ya milioni 5 na laki 3, halafu ukiuliza salio unaambiwa bado milioni 7 na laki 7. Deni limeshuka milioni 2 na elfu 290 hivi.

Watu wengi moyo unawafia hapa, wala hajasema mtu. Unalipa, unalipa, deni liko vilevile kama kisima kisichokauka. Mwingine anaamini kabisa benki imemwibia. Riba ya salio ndivyo ilivyo: mwanzoni deni ni kubwa kwa hiyo riba inameza sehemu kubwa ya makato, baadaye salio likipungua makato yaleyale yanaanza kung'ata deni lenyewe. Miaka ya mwisho linaporomoka. Sasa ukiwa hujui hilo, anapokuja mtu kukwambia "hutamaliza wewe, bora ule maisha," anakukuta umeshajikatia tamaa mwenyewe. Yeye anamalizia tu.

Turudi kwa afisa wetu. Anakupigia mwezi ule wa 24. Anakuongezea ufikie tena milioni 10, miezi 72 ianze upya. Unapata ile milioni 2 na elfu 290, kabla hawajatoa ada na bima. Makato kweli hayabadiliki. Ila ungebakiza miezi 48, sasa una 72. Miezi 24 ya ziada mara 222,460 ni zaidi ya milioni 5 na laki 3. Yaani umechukua milioni mbili na ushee, utalipa tano na ushee. Nilipofika hapo kwenye hesabu niliirudia mara ya pili kwa kikokotoo cha mwanafunzi nikidhani nimebonyeza vibaya.

Na upande wa pili: mtu huyohuyo angekuwa anaongeza elfu 50 kila mwezi tangu mwanzo, angemaliza kwenye mwezi wa 53 hivi. Mwaka mmoja na miezi saba hivi imefutika, na kama milioni 1 na laki 8 ya riba hakuilipa. (Kabla hujapeleka ziada, uliza mkopeshaji wako anapokeaje malipo ya sehemu. Wengine wanaipokea wanaihesabu kama makato ya mwezi ujao, deni haliguswi. Andika barua useme hii ni ya kupunguza mtaji wa deni.)

Tangu niijue hii hesabu, utani wa ofisini haunipati sana. Nyuma ya mlango wa kabati chumbani nimebandika karatasi ya grafu, deni nimeligawa viboksi vya laki laki. Kila laki ikitoka kwenye salio, binti yangu wa darasa la tatu anapaka kiboksi rangi ya kijani. Mwezi ambao sikupeleka ziada aliniuliza mbele ya mgeni, "Baba, mwezi huu hatupaki?" Mgeni akauliza tunapaka nini. Nikamwambia kazi ya shule.

Michango nayo nimeitengea elfu 20 kwa mwezi, yote: harusi, kipaimara, send-off. Ikiisha imeisha. Kadi ya dabo siichukui, nachukua ya mtu mmoja, mimi na mke wangu tunakwenda kwa zamu. Msiba siuhesabu humo, msiba nakwenda nilivyo.

Naomba kuwasilisha. Nyie wenzangu mnaolipa, watu wenu wanasemaje na mnawajibuje?

Jembe Butu

Siti ya mbele. Hiyo hesabu ya kuongeza mkopo imenipa homa. Mimi nimeongeza mara mbili na nilimshukuru yule dada wa benki kwa kunikumbuka.

Bata Batani

Mkuu Chaki, kwa hiyo unywe chai ya rangi miaka minne ili mwisho benki ikupe nini, cheti? Mimi nimeongeza mkopo mara tatu nina bajaji mbili barabarani. Wewe una grafu. Tuheshimiane.

Chaki na Dasta

Bata Batani, nimecheka hapo kwenye grafu. Sijasema kila mkopo ni balaa, kaka. Bajaji ikileta hesabu inayolipa makato na kubakiza, huo ni mtaji, wala hatubishani. Nakuuliza kwa nia njema: ukitoa matairi, spea, bima na siku dereva anazosema biashara mbaya, kila moja inakubakizia shilingi ngapi kwa mwezi?

Bata Batani

Inategemea na mwezi mkuu 😂

Mama Wawili

Nimesoma uzi wote nikiwa genge langu halijafunguliwa. Nyie wa mishahara mna bahati, mnakatwa na kompyuta. Ngoja niwape ya kausha damu.

Nilichukua laki 3 kwa jamaa mmoja wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi napeleka elfu 60. Mwezi wa tano nikapiga hesabu nimeshampa laki 3 nzima na bado ananidai laki 3. Kila nikipeleka riba na kaelfu 50 ka juu nipunguze mtaji, anarudisha ile 50: "Mama, mtaji unaletwa wote kwa mkupuo." Hapo ndipo wanapokushikia. Wanajua laki 3 ya pamoja huwezi kuipata.

Sasa mwenzio nikaanza kuweka kidogo kidogo. Nyumbani haikai, watoto wakiumwa inatoka. Nikampa mama mmoja wa kikundi chetu anishikie, nikamwambia hata nikija nalia usinipe. Na kweli nilikwenda nikilia siku moja, akanipa uji akanirudisha.

Maneno niliyosemwa hayafanani na ya mwalimu. Mimi hawakunicheka, walinionea huruma. "Usimuudhi yule baba, siku ukikwama utakimbilia wapi?" Walinitisha na shida ambayo haijaja. Na walikuwa wanamaanisha, maana wao wenyewe wanadaiwa palepale. Mwingine kadi yake ya benki iko kwenye droo ya yule mtu pamoja na namba ya siri. Ukiwa hivyo kweli utamwita mkombozi.

Siku nampelekea laki 3 na riba ya mwezi huo alizihesabu mara mbili, akaniuliza nimezipata wapi, kama mzazi wangu. Nikadai daftari lake, nikamwambia andika hapa nimemaliza, na usaini, na huyu dada niliyekuja naye asaini. Nilimpiga picha na hilo daftari kwa simu.

Pwani Moja

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu, huku kwetu ni Fuliza, ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa. Tangu ianze 2019 watu wameizoea kama maji. Ukituma pesa na huna, inakujazia, halafu chochote kikiingia kwa simu kinakatwa kabla hujakiona. Mimi nilikuwa nalipwa jioni, asubuhi niko Fuliza tena.

Nilipoamua kutoka, mabeshte wa maskani waliniambia, "Wewe wacha tu, watakupeleka CRB, si jela." Ni kweli si jela, CRB ni wale wanaoweka rekodi za wakopaji. Lakini juzi mmoja wao alienda kuomba mkopo wa maana wa kununua boda, akaulizwa kuhusu programu fulani ya mikopo aliyoikimbia na vishilingi vichache. Vishilingi vichache!

Nilichofanya: niliomba wateja wangu wanilipe pesa taslimu kwa muda, nikajua ninachoingiza, nikafuta deni lote siku moja, kisha nikajiondoa kwenye huduma kabisa. Wiki ya kwanza nilikosa nauli siku mbili, nikatembea kutoka Buxton mpaka Kongowea. Nimepona.

Msomi Mtaa wa Pili

Mwalimu mimi nakupinga kwenye kitu kimoja tu. Hilo la Bodi ya Mikopo unalikimbilia la nini? Serikali inasamehe samehe. Si mliona 2021? Subiri.

Chaki na Dasta

Mkuu, 2021 kilichofutwa ni ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inaongezwa kila mwaka, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Hela uliyosomea haikuguswa. Nakumbuka ofisini kwetu walishangilia kana kwamba deni limekwisha, mwezi uliofuata makato yakaja yaleyale, kukawa kimya.

Ila nakubaliana nawe nusu. Kwa sababu ile asilimia 6 haipo tena, deni la Bodi silipi kwa haraka. Naliacha likatwe asilimia 15 yake kwa mwendo wake. Ziada yangu yote inakwenda saccos na benki, ambako riba inatembea.

Kalamu Nyekundu

Nimekaa kwenye mikopo miaka mingi, sitasema wapi. Niweke sawa mambo mawili matatu.

Yule afisa anayekupigia hana chuki na wewe. Ana malengo ya mwezi, na mteja anayelipa vizuri ndiye rahisi kuuzia. Hatupigi simu kwa anayesumbua. Kwa hiyo ukiona tunakupenda sana, ujue wewe ni mlipaji mzuri. Kumjibu ni rahisi: "Asante, sihitaji, naomba unitumie taarifa ya salio." Atakutumia, na hatapiga kwa muda.

Kabla ya kumaliza mapema, soma mkataba wako sehemu ya malipo ya kabla ya wakati. Wengine wana ada ya kufunga mkopo mapema. Piga hesabu, mara nyingi bado unafaidika, lakini ujue.

Kwa Mama Wawili: wakopeshaji wadogo wasiopokea amana wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na riba yao ina ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Huyo wa asilimia 20 ukimuuliza leseni atabadilisha mazungumzo. Na wa kwenye simu ni vilevile: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kubonyeza "kubali," angalia anayekukopesha kama yuko kwenye orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu (BoT).

Jembe Butu

Kalamu, mbona hukuwepo nilipokuwa natabasamu na yule dada?

Kijana wa Kolandoto

Wakuu mimi shida yangu haiko nje, iko ndani. Mke wangu anasema namnyima raha kwa ajili ya deni ambalo hata hakujua nalichukua. Kila nikipeleka hela ya deni ugomvi. Mwalimu, wako ulimwezaje?

Mama Wawili

Naomba nijibu mimi mwanamke. Hebu soma ulichoandika, "hakujua nalichukua." Sasa anaona hela inatoka na kwenda kwa kitu asichokijua, wewe ungefurahi? Mkalishe, mwoneshe karatasi, salio, riba, mwezi wa mwisho. Halafu mpe na yeye sauti ya kitu kimoja ambacho hakikatwi hata kama kuna deni. Mimi mume wangu alitaka Jumapili nyama. Nyama haikukosekana, hata robo.

Chaki na Dasta

Mama kamaliza. Naongeza tu: wangu ndiye aliyesema tuanze na saccos, mimi nilitaka benki kwanza. Alinishinda kwa hoja kwamba saccos ina wadhamini, wadhamini wenyewe ni majirani zetu, na anakutana nao bombani kila asubuhi. Kwa riba ilikuwa kinyume na hesabu zangu. Kwa amani ya nyumba alikuwa sahihi, na saccos imebaki kidogo.

Mstaafu Mtarajiwa

Nimemaliza mkopo wangu miezi miwili iliyopita, lakini kwenye slipu ya mshahara makato bado yapo. Wenzangu wananiambia niachie tu, nikifuatilia nitasumbuka bure, "si utapata siku moja." Nifanyeje?

Kalamu Nyekundu

Usiachie. Nenda kwa mkopeshaji omba barua ya kumaliza deni yenye muhuri na tarehe. Toa nakala. Chukua slipu za hiyo miezi miwili, peleka vyote kwa afisa utumishi wa halmashauri, na nakala nyingine irudi kwa mkopeshaji pamoja na barua ya kudai urejeshewe kilichokatwa zaidi. Mahali pote gonga muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yako. Nenda kabla mishahara ya mwezi haijaandaliwa, ukichelewa wiki mbili za mwisho unaingia mwezi wa tatu.

Mstaafu Mtarajiwa

Kesho asubuhi nipo pale. Nitaleta mrejesho hapahapa.